Simba wa Sunderland Chini ya Vifungo

Bibi Elstob mpendwa, safu yako gazetini naisoma kila Jumatano na sikudhani kama siku moja na mimi nitakuja kukulilia, lakini nimekwama, nahitaji msaada, na hapa Bensham sina wa kumweleza, kwa sababu hapa Bensham kila mtu ananijua mimi kama mama wa vioo.

Sijisifu, naeleza tu. Kila Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa watu huniletea vyombo vya kioo vya enzi ya Malkia Viktoria, vile vilivyoshindiliwa kwenye kalibu za chuma, vyenye pomboo, bata maji na vichwa vya simba, nami navipindua, napapasa kitako kama kimechakaa kwa kusuguana na meza miaka mia, naangalia mshono wa kalibu, natafuta ile alama ndogo ya kiwanda, halafu nasema hiki cha kale, hiki cha juzi, na hakuna anayebisha. Mwaka jana mwanamke mmoja alileta sahani akiapa ni ya hapa Gateshead kwa sababu ina alama ya simba, nikamwambia mbele ya watu wote, "Mama, simba wetu anachomoza juu ya mnara, huyu wako ameshika nyota, wa Sunderland huyu, karudishe huko kwao," ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Sasa nisikilize. Babu yangu mzaa mama, Cuthbert Hepple, alishindilia kioo miaka arobaini na mmoja katika kiwanda kimoja tu, hapa hapa Gateshead, hakuhama hata siku moja, na kwenye rafu ya juu ya meko ya mama yangu kuna bakuli la zambarau lenye mawimbi meupe, limesimama juu ya pomboo watatu, ambalo mama amesema tangu nikiwa mtoto kwamba baba yake alilitengeneza kwa mikono yake. Limejaa vifungo vya nguo. Babu ndiye aliyeanza kuvitia, na ilikuwa marufuku kuvimwaga, hata mtu akitaka kifungo achague kwa vidole katika vile vya juu, na sheria hiyo tumeishika mpaka leo ingawa babu alifariki kabla sijaanza shule. Jumamosi ijayo maktaba inafungua maonyesho ya vioo vya mji wetu, wameshachapa kadi inayosema "Kazi ya Cuthbert Hepple wa Gateshead", na mama, mwenye miaka tisini na mmoja, ameshatengeneza nywele kwa sababu ameambiwa atawekewa kiti kando ya kabati la bakuli. Jumapili nikalileta bakuli kwangu nilioshe, nikamwaga vifungo. Chini kabisa, katikati, simba. Ameshika nyota.

Nililia, nikanywa chai, nikalia tena. Nikamwita kaka yangu Ridley, akainamia bakuli akasema, "Dada, kidude chenyewe ni kidogo kama njegere. Nipe msasa na dakika kumi, Jumamosi mama anakaa kwenye kiti chake kama malkia, nani atajua?"

Nikasema, "Nitajua mimi."

"Haya basi, nenda ukamwambie. Mwambie baba yake alikuwa mwongo. Mimi nitasubiri nje."

Bakuli liko chumbani kwangu ndani ya taulo, na msasa uko mezani, kanunua ule laini kabisa. Ninaogopa kuchekwa, sikatai, lakini zaidi ninaogopa kumnyang'anya mama fahari ya maisha yake wakati amebakiwa na miaka michache. Nisugue au niseme?

Mavis Dodds, Bensham, Gateshead

*

Mavis, msasa huo utupe kwanza, halafu urudi uendelee kusoma.

Umetupa? Vizuri. Mtu angekuletea Jumanne bakuli lililosuguliwa alama, ungemtoa ukumbini kwa maneno ambayo gazeti hili lisingeyachapa. Chombo kimepita mikono ya watoto, mitikisiko ya mabomu na vumbi la makaa, kimefika salama, halafu aje kukijeruhi mtu anayejua thamani yake kuliko wote? Hapana. Kaka yako anakupenda, ila kwenye jambo hili mpe kazi ya kuchemsha maji.

Pole lakini, nasema kwa dhati. Najua moyo unavyoshuka pale kitu cha nyumbani kinapogeuka mgeni mikononi mwako.

Sasa nikuambie jambo. Mimi nimezaliwa Sunderland. Mama yangu alikuwa akifunga vyombo vya simba huyo kwenye majani makavu, sanduku baada ya sanduku, mpaka vidole vikatoka damu. Kwa hiyo yule mwanamke wa sahani utamtafuta na kumwomba radhi, na ukimkosa, niombe mimi.

Wewe unayesoma kitako cha bakuli umeshindwa kusoma vifungo. Mwanamume anayeshinda mbele ya tanuri ana haja gani ya kukusanya vifungo na kuwawekea sheria watu wa nyumbani? Wenzake wa kiwandani walikuwa wakiingia pale kunywa chai, nina hakika. Nadhani, na ni kudhani tu, kwamba alikuwa anamfunika simba wasimwone. Mtu aliyezungukwa na vyombo vya kiwanda chake alichukua cha wapinzani akakipa mahali pa heshima kuliko vyote, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi kazi nzuri humshika hata ikitoka kwa watu asiowapenda. Nimesoma barua yako mara tatu, Mavis, na kila mara nimevimba kichwa. Kiwanda chetu hakikupata kusifiwa na mtu anayejua kuliko huyo.

Na uongo uko wapi? Maneno uliyoniandikia ni ya mama yako. La babu hujaniandikia hata moja.

Fanya hivi. Alhamisi asubuhi mpelekee mama bakuli likiwa tupu, umkalishe dirishani, kidole chake kimguse simba, umwambie ukweli wote kwa sentensi mbili, kisha unyamaze. Amevuka vita viwili. Hatavunjika kwa hili. Nisingeshangaa akikuambia anamjua simba huyo tangu zamani. Ukitoka hapo pigia simu maktaba. Barua hii nakutumia kwa posta leo, na gazetini itatoka baada ya maonyesho, kwa kuwa mama yako naye ana macho ya kusoma, na kufikia siku hiyo sitarajii uwe na siri yoyote iliyobaki.

Kadi mpya isome hivi: "Bakuli la Sunderland. Lilichaguliwa na kutunzwa na Cuthbert Hepple, fundi wa kioo wa Gateshead." Mama akae palepale kwenye kiti chake. Jina la baba yake liwe kwa herufi kubwa kabisa. La mji wetu wanaweza kuliandika dogo. Tutakuja kutoka Sunderland basi zima kulisoma.