Pilipili za Ukingo wa Mfereji

Rincón del Sauz,
New Mexico.
Novemba, siku ya pili ya theluji.

Mdogo wangu mpendwa Timo,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Horacio, na za mbwa wako Oso, ambaye amezeeka vibaya lakini bado hutoka mbio kila likipita gari la rangi ya lile lako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, na kwamba huko Milwaukee umeshanunua koti la maana. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Baba yanamsumbua asubuhi, masikio yanamsumbua pale anapotaka yeye, na kwingine kote ni mzima kama shoka.

Najua utashangaa kuona karatasi. Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma ukanyamaza. Nimeshazoea, na leo sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu Baba ameniambia nikuandikie. Ndiyo, Baba. Vuta kiti, ukae, usome polepole, maana habari ni nyingi na ile kubwa sitaitoa mpaka zile ndogo ziishe, kama Mama alivyokuwa akitunyima mandazi ya asali mpaka tumalize maharage.

Habari ya tuzo najua ilikufikia, maana hata kinyozi wa Española aliniambia ameisoma. Mwaka huu jimbo letu lilitajwa na wale wakubwa wa mapishi mpaka tukaona haya. Alitajwa mwoka mikate wa Albuquerque, akatajwa mama mmoja wa Gallup anayepika kondoo na uji wa mahindi ya buluu, akatajwa kijana wa Las Cruces mwenye jiko ndani ya gari, halafu na sisi, mkahawa wa Kwa Celsa wenye jina la Mama, meza tisa na mlango unaokwama. Walipopiga simu mara ya kwanza Baba alidhani wanauza bima, akakata. Mara ya pili akawaambia tayari ameshazikwa. Mara ya tatu nikaipokea mimi, na yule mama wa upande wa pili akaniuliza kwa upole kama kweli mzee amefariki.

Juni tukaenda Chicago kuchukua nishani. Baba alivaa buti zake za harusi na ile tai ya kamba yenye jiwe la feruzi. Walikuwa wamempa dakika mbili za kusema. Alisema, “Mpishi ni marehemu mke wangu. Mimi nakoroga tu,” akashuka. Watu walisimama wakapiga makofi, na mimi nikalia bila aibu. Lakini jambo ninalotaka ulijue ni hili: tangu tulipoingia mpaka tulipotoka, alikuwa akigeuka kutazama milango ya nyuma. Mwanzo nilidhani taa zinamuumiza macho. Usiku hotelini akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, eti Milwaukee ni mbali na pale. Nikamwambia ni mwendo wa treni tu, hata usingizi haukolei. Akasema, “Basi treni zao zitakuwa mbovu sana.” Nilicheka mbele yake, halafu nikajifungia bafuni.

Nilikuwekea kiti, Timo. Nilikutumia siku na mahali, na kiti cha kushoto kwangu nilikiwekea mkoba. Mama mmoja akaja kuuliza kama kina mtu. Nikamwambia kina mtu, yuko njiani. Nimekukumbuka mara nyingi katika miaka hii saba, lakini sijawahi kukukumbuka kama nilivyokukumbuka usiku ule, katikati ya watu waliokuwa wakimpongeza baba yetu.

Maneno mliyotupiana hakuna aliyeyasahau. Wewe ulisema chakula hiki hakuna atakayekijua ng'ambo ya daraja, na sahani za Baba zinafanana na chakula cha mafundi ujenzi. Yeye akasema, “Basi nenda ukajulikane wewe.” Nawe ukapanda kwenye kigoda, ukautungua mtungo wa pilipili wa Mama uliokuwa kwenye msumari juu ya jiko, ule wa mwisho aliousuka kwa mikono yake, ukaondoka nao. Tangu siku ile msumari ule haujatundikwa kitu. Tuliporudi kutoka Chicago nilipanda kwenye kigoda kilekile na nishani mkononi, nikaona hapo ndipo pake. Baba akaniambia nishuke. Akasema, “Msumari huo una mwenyewe.” Kwa hiyo nishani ya taifa zima inalala ndani ya kopo la unga, na wageni wakiomba kuiona inabidi niipanguse kwanza.

Na wageni ndio walioleta hayo mengine. Baada ya Juni walikuja kama nzige. Horacio akawa haegeshi gari kwetu tena, anaegesha kwa shemasi. Kuna waliouliza kama nyama iliyolala kwenye pilipili nyekundu inaweza kuja bila pilipili. Baba aliwajibu kuwa hata mvua inaweza kuja bila maji, wasubiri tu. Ukiwauliza wanataka mchuzi wa pilipili nyekundu au za kijani, wanatazamana kama watu walioulizwa dini yao. Lakini wengine walifundishika, na kufikia Agosti walikuwa wakiingia na kupaza sauti, “Krismasi!”, ili wamwagiwe zote mbili, wakijiona wazaliwa wa hapa. Mwandishi mmoja akamwomba Baba siri ya mchuzi wake. Baba akamvuta pembeni, akamnong'oneza, “Chumvi.”

Septemba pipa la waya halikupoa. Ile harufu ya pilipili zikiungua kwenye moto, unayoijua, ilikaa kwenye nguo zangu hata kanisani. Na hapo ndipo tulipokosea. Unaijua sheria ya nyumbani: shamba lote laweza kuchumwa kijani, lakini safu za ukingo wa mfereji haziguswi mpaka ziive ziwe nyekundu, kwa sababu ndizo mchuzi wa majira ya baridi na ndizo mbegu. Wewe mwenyewe ulichapwa ukiwa mdogo kwa kuchuma mbili tu pale ili ucheze nazo. Jumamosi moja foleni ilifika kanisani, na pilipili za kijani zikatuishia mchana mchana. Nilitaka nitoke nikawaambie watu zimekwisha. Baba akachungulia dirishani, akamwona bibi kizee wa Texas kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa shali juani, anasubiri. Akasema, “Hapa Kwa Celsa mtu harudishwi na njaa yake.” Akachukua gunia, akaenda mwenyewe mpaka ukingo wa mfereji. Mimi nikamfuata na ndoo. Tuliambiana tunachuma kidogo tu, na Jumapili tukachuma tena kidogo tu, na wiki iliyofuata vilevile. Sifa ni tamu, mdogo wangu, nawe wajua sisi hatukuzoea. Baridi ikawahi, ikashuka siku moja ikaunguza zilizobaki zikiwa bado kijani, zikalegea kama matambara. Tukapoteza mbegu ya babu zake Baba kwa ajili ya foleni.

Vuli hii mlangoni kwetu hakuna mtungo hata mmoja. Baba alinunua magunia ya pilipili nyekundu kutoka kusini, akayashusha jioni watu wasimwone. Wageni hawakujua tofauti, wakalamba vidole. Lakini mzee Sixto wa meza ya dirishani, ambaye hajawahi kukosa Alhamisi, alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akauliza, “Nani amekufa?” Baba akarudi jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi, akavua kofia. Sijapata kumwona ameketi saa za kazi.

Siku tatu baadaye ndipo aliponiambia nikuandikie. Alianza kwa kukohoa. Akasema, “Yule kijana wako ana mtungo wa mama yake. Mle ndani mna mbegu.” Nikasema nitakupigia simu. Akasema mambo ya mbegu hayasemwi kwenye simu. Nikasema basi nitakuomba uzitume kwa posta. Akakasirika. Eti posta wanagandisha vitu, eti wanavipiga mashine za mwanga, lazima ziletwe kwa mkono, na zifike kabla ya siku ya kusafisha mfereji, mwezi wa Machi.

Hapo nikaanza kujiuliza. Timo, mbegu za miaka saba! Baba ndiye aliyetufundisha kwamba mbegu ya pilipili ikishapita mwaka wa tatu kazi yake ni kulisha kuku. Na kupanda ni Mei, si Machi. Machi ni majembe tu. Msimamizi wa mfereji husoma jina la ukoo wetu, “Maestas, majembe mawili,” na kila mwaka Baba humweka kibarua ashike lako. Nilikwenda kibandani kutafuta bisibisi nikakuta jembe lako limetiwa mpini mpya, umesuguliwa mpaka unateleza. La Baba bado limefungwa waya palepale mpini ulipovunjika.

Jumapili nikapanda mlimani kwa Shangazi Prudencia, ambaye jina lake linamaanisha busara, na Mungu anajua kwa nini walimpa. Nilikwenda tu kumlilia. Huko juu pilipili hazikomai, kwa hiyo sikuwa na tumaini la mbegu. Nilikumbuka Mama alikuwa akimpelekea wifi yake chupa ya mbegu kila vuli, kwa kuwa alikuwa akisema mbegu hazilali nyumba moja, lakini nilidhani desturi ile tuliizika naye. Shangazi akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Akanimiminia kahawa. Halafu akasema, “Mimi niliambiwa nisiseme. Sasa nasema. Fungua kabati.”

Ilikuwepo chupa imejaa, Timo. Mbegu za mwaka jana, za manjano safi. Kumbe Baba humpelekea mwenyewe kila vuli tangu Mama afariki, bila kutuambia. Nikaruka nikamkumbatia Shangazi, nikasema nakimbia kumwambia Baba mbegu zimeokoka. Shangazi akanishika mkono. Akasema, “Unadhani hajui, we mjinga? Alikuwa hapa asubuhi ya baridi ile ile. Nikampa chupa yake. Akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga, akanirudishia. Akasema, ‘Kaa nayo. Na Librada akija kuuliza, mwambie mbegu zililiwa na panya.’ Nikamuuliza, ‘Wewe mzee umerukwa?’ Akasema, ‘Prudencia, zikipatikana hapa, yule nitamwitia nini?’”

Shangazi alicheka mpaka akakohoa, akamwita kaka yake punda, kisha akajifuta macho kwa aproni. Mimi niliteremka mlima nikiendesha polepole kwa sababu sikuwa naona barabara vizuri.

Kwa hiyo sasa unajua ninayoyajua. Mbegu zipo. Wewe ndiye hupo. Baba anasubiri jibu na anajifanya anasubiri pilipili, nami naweka sahani mezani na kujifanya siioni ile ya nne anayoitoa kabatini kila Jumapili, halafu anairudisha akisema amehesabu vibaya. Mtu aliyelisha nusu ya Texas hawezi kuwa anakosea hesabu ya watu watatu kila wiki.

Usimwambie nimekuambia. Njoo na uso wa mtu aliyeitiwa mbegu. Kama mtungo wa Mama unao bado, uning'inize shingoni ukipenda, ushuke nao kwenye basi. Na kama uliula wote katika jikoni za watu, pilipili moja moja, siku ulizokuwa na upweke, usione haya, njoo mikono mitupu. Baba atakuuliza mbegu ziko wapi. Mwambie zimekufa njiani. Atakugombeza mpaka jirani wasikie, kisha atakwambia upande mlimani kwa Shangazi yako, kuna chupa anakuwekea.

Shemeji yako anakusalimu tena, anasema kitanda chako kimejaa masanduku ya soda lakini atayaondoa. Mzee Sixto anasema ukirudi utamkuta meza ileile. Kaburi la Mama tulilisafisha siku ya marehemu, nikaweka mshumaa mmoja wa kwako. Jifunike vizuri, ule chakula cha moto, na ukiikunja karatasi hii inuse kwanza, nimeiandikia jikoni.

Ni mimi dada yako, niliyekuwekea kiti na bado sijakitoa,

Librada