Alhamisi Ambazo Sikufika Kanombe

Jumatatu, saa tisa alasiri. Mvua tangu mchana.

...kwa hiyo hapana, bado sijamwambia Olivier. Nilisema nitamwambia asubuhi, lakini asubuhi nilimkuta jikoni anakaanga mayai, anaimba vibaya, amejifunga kitenge changu kiunoni, nami nikamtazama nikasahau kila kitu. Wiki kumi na moja za ndoa, na bado namtazama kama kitu nilichookota njiani na mwenyewe hajatokea kukidai.

Saa saba akaondoka kwenda zamu yake kiwandani, Masoro. Alirudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amesahau mwavuli. Mara ya pili hakuwa amesahau chochote.

Ningekuwa mke mwenye furaha kuliko wote Kagarama. Ila akishaondoka nyumba inanyamaza, na katika ukimya huo nabaki na jambo ambalo nimelificha miezi miwili na zaidi.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaonisoma mko Ngara na Karagwe nilikokulia, na hamlijui kanisa letu la huku ng'ambo ya mpaka.

Niko katika kikundi cha akina mama na wasichana wanaotembelea wagonjwa. Kila mmoja ana mgonjwa wake na siku yake. Mimi nilipewa mukecuru Veneranda wa Kanombe. Mukecuru ni bibi kizee, lakini huku tunalisema kwa heshima. Ni mjane, hatembei tangu alipovunjika nyonga, na binti yake anayeishi naye anafanya kazi uwanja wa ndege, kwa hiyo mchana kutwa yuko peke yake. Alikulia Bujumbura, anapenda Kiswahili, ndiyo maana walinichagua mimi. Kila Alhamisi nilikuwa namwosha nywele, namchana, nasoma Zaburi, yeye anacheka matamshi yangu ya Kinyarwanda.

Sasa, kikundi chetu kina desturi moja nzuri. Msichana akiolewa, anapumzishwa miezi mitatu akae na mume wake. Jina lake linatolewa kwenye ratiba, mgonjwa wake anapewa mtu mwingine, akirudi anakuta kila kitu mahali pake. Hakuna anayemnung'unikia. Jumapili moja kabla ya arusi yangu, Mama Keza, kiongozi wetu, aliniita mbele ili kunipumzisha.

Nikakataa.

Nilisema mbele ya kanisa zima kwamba asanteni, lakini mukecuru wangu simwachi, nitaendelea naye. Kina mama wakapiga vigelegele. Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa hapa ndipo nimezoea kuusema: sikuwa namfikiria mukecuru. Nilikuwa namfikiria mama yake Olivier, aliyekaa benchi la mbele. Nilitaka ajue mwanawe anaoa mtu wa namna gani.

Alhamisi ya kwanza ya ndoa, Olivier alikuwa na mapumziko. Tulikunywa chai hadi saa tano, kisha tukaenda kununua mapazia, tukabishana rangi, tukapatana, tukarudi tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Nilimpigia mukecuru simu, nikamwombea dakika tatu. Jioni, kwenye kikundi cha WhatsApp ambako kila mtu huandika ripoti ya siku yake, niliandika: "Nimefika kwa mukecuru. Tumeomba. Yuko salama."

Nimefika. Neno lenyewe ndilo hilo.

Alhamisi ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu sikuhisi hata kitu. Nimeandika ripoti kumi na moja, na sijavuka kizingiti chake hata mara moja.

Jana mchungaji alihubiri juu ya kila mwamini kusimama mbele za Mungu na kuonyesha alichofanya kwa mikono aliyopewa. Nilisikiliza vizuri tu, hata niliandikaandika kwenye daftari. Ndipo Mama Keza akaomba nafasi, akaniita.

"Huyu ameolewa juzi," akasema, "na hajaacha huduma. Nilimuuliza mukecuru mwenyewe kwa simu, akaniambia anakuja kila Alhamisi. Wasichana, mmesikia?"

Olivier alisimama kunipigia makofi, peke yake, kanisa zima limekaa. Mama yake akajifuta macho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ya kukamatwa. Sikuwa nimejiandaa kwa siku ambayo mukecuru angenifichia.

Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumbani, Olivier alinishika mabega. "Cheri, hivi mimi nimeoa mtu au malaika? Niambie mapema ninunue nyavu, usije ukaruka." Nikacheka. Mkono wake ulikuwa begani mwangu, joto lake nalisikia kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikuwa peke yangu nikiwa naye. Sijui kama wanandoa wengine wanaijua hali hiyo. Ni baridi isiyotibiwa na sweta. Mtu anayependwa hivyo hakuwa mimi. Alikuwa yule wa kwenye ripoti.

Leo, baada ya Olivier kuondoka, nikampigia mukecuru. Nikamuuliza kwa nini alimwambia Mama Keza kwamba ninakwenda.

Akajibu kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Mwanangu, ningesema hauji, wangekutoa. Wakikutoa, na simu yako iko nayo inaenda. Mimi iko nabaki na nani?"

Nikamuuliza nywele zake zikoje.

"Nywele? Iko hapana tena. Ilishikana, ikauma, binti yangu akakata yote." Akaanza kucheka. "Sasa nafanana na mwanafunzi wa sekondari. Natafuta tu yunifomu!"

Mimi nikacheka naye, kisha nikaketi sakafuni.

Nywele zile nilikuwa nazijua. Nyeupe, laini, alizojivunia, aliniambia marehemu mume wake alizipenda. Kuna dada kama kumi katika kikundi ambao wangezichana kwa furaha. Hakuna aliyekwenda, kwa sababu kila Alhamisi jioni mimi niliwaambia kazi imefanyika. Hilo ndilo lililonivunja. Kutokwenda tu kungekuwa udhaifu, na udhaifu kikundi kilikwisha kuuwekea desturi. Ningekubali kupumzishwa, mukecuru angekuwa na mtu. Nilimzibia mlango kwa jina langu zuri.

Nimekuwa nikijiambia kwamba Mungu anaelewa, kwamba mapenzi mapya nayo ni zawadi yake. Ninaamini hivyo bado. Simwoni akinikasirikia kwa mapazia. Lakini siku nitakayosimama mbele zake hataisoma WhatsApp yetu. Mama Keza hatakuwepo kunisemea, wala mukecuru. Naye hataniuliza niliandika nini. Ataniuliza juu ya kichwa kimoja cha bibi mmoja wa Kanombe.

Saa nane na nusu nikafungua kikundi, nikaandika kila kitu. Kwamba sikufika hata mara moja. Kwamba mukecuru alisema vile kwa kuogopa kubaki peke yake, asilaumiwe. Mama mkwe wangu yumo katika kikundi hicho. Nilijua hilo kabla ya kubonyeza kutuma, ndiyo maana kidole kilikaa hewani muda mrefu.

Nikatuma.

Mtu mmoja akaanza kuandika, akaacha. Mwingine vilevile. Kisha Mama Keza: "Nimeona. Alhamisi atakwenda Josiane. Wewe pumzika." Hakuweka hata ile mikono ya kuomba anayoiweka kila mahali. Mama mkwe amesoma, alama zimekuwa za buluu. Hajasema kitu. Bado hajasema hadi sasa ninapoandika, na mvua haijaacha.

Olivier nimemtumia ujumbe kwamba akirudi tuna mazungumzo, na kwamba mke wake hana mabawa. Amejibu kwa moyo mwekundu. Hajui bado. Nimeutazama moyo ule nikatamani usibadilike rangi.

Nimempigia mukecuru mara ya pili. Nimemweleza kwamba Josiane ana mikono myepesi kuliko yangu, na kwamba simu yangu haiendi popote, nitapiga kama kawaida. Nikamwambia nitakuja, Olivier akipata siku ya mapumziko, tutakuja wote wawili. Itakuwa siku isiyo yangu kwenye ratiba yoyote, na sitamwandikia mtu kwamba nimefika. Hata hapa sitaandika.

Nilidhani atasema amina.

"Mwezi imebakisha siku ngapi?" akauliza.

Nikamwambia tisa.

"Sawa. Mimi nitahesabu."

Hesabu, mukecuru. Kabla hazijaisha nitakuwa nimekuja.