Vijoto vya Farida

Rahaleo, Mtwara
Mwishoni mwa mwezi wa tano

Kwako kaka yangu Hashimu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuuliza hali wewe na wifi yangu Salma, na huyo kipenzi changu Farida ambaye ndiye hasa aliyenishikisha kalamu. Mnaamkaje na baridi yenu ya Makete? Mtoto anakula? Maumivu yamemwacha apumue? Sisi huku Mungu anatutazama. Mama ni mzima, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi, na juzi alikwenda shambani Kitaya kuangalia mihogo akarudi na mzigo kichwani ambao mimi mwanawe nisingeuweza. Hali yangu mimi utaisoma humu humu. Usiruke kurasa. Nakujua, wewe ukipata barua unaanzia mwisho.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako inashika mpaka upande mlimani, na nikikutumia sauti ndefu unanijibu kwa kidole gumba, hata sijui umesikiliza au umenyamazisha. Haya ya leo yanataka mtu akae chini asome taratibu. Barua nimeiweka juu ya kila kitu kwenye mzigo ili uisome kabla hujagusa kilichomo. Tafadhali, kaka, fanya hivyo.

Tangu ile simu yako ya mwaka jana, katikati ya kipupwe, sijatulia. Ulisema Farida amelazwa tena kwa maumivu ya mifupa, na daktari amewaambia kuwa mtoto mwenye selimundu asiachwe mikono na miguu yake ikapoa, na kama huko hamwezi kumkinga, basi apelekwe nchi ya joto. Ukasema kipupwe kijacho kikimkuta hivyo hivyo utamleta huku akae na mama. Nyuma yako nilimsikia wifi akilia. Jamani, mtoto mdogo vile atenganishwe na mama yake kwa sababu ya ubaridi wa vidole! Nilikata simu nikamwambia mama kwamba mimi ni fundi cherehani, siyo mganga, lakini baridi ni kitu cha kuvalia nguo, na nguo ni kazi yangu. Mama akacheka, akasema nimezaliwa kwenye joto, nitalala kwenye joto, na sasa nataka kuwafundisha Wakinga wa Makete kujifunika. Nikamwambia subiri uone.

Ile jozi ya kwanza ya glavu niliyowatumia baada ya Idi, ya sufi tupu, ilikuwa aibu yangu. Nilidhani sufi ikilaza vichwa vya watu kwenye mito haishindwi kupasha vidole. Wifi alinieleza kwa upole wake kwamba glavu ni nzuri, mtoto anazipenda, ila akizivua mikono iko baridi vile vile. Nikakaa nikafikiri mpaka nikaelewa. Sufi haina joto lake. Inatunza lile unaloliingiza, na mkono wa Farida unaingia ukiwa hauna kitu. Kumbe joto nilipaswa kulitia mimi.

Na joto la kutia sisi watu wa pwani hatulitafuti mbali. Si unakumbuka mama alivyokuwa akiitwa nyumba hadi nyumba kukanda wazazi waliotoka kujifungua? Maji ya moto na majani, na yule wa maumivu ya mgongo anawekewa chumvi iliyokaangwa ndani ya kitambaa. Basi nikachukua chumvi ya mawe, nikaikaanga, nikaishonea vifuko, nikavitia kwenye glavu mgongoni mwa mkono, juu yake sufi. Joto likakaa! Asubuhi ukizivaa, mpaka chai inaiva na kunyweka bado unalihisi. Nilirukaruka kama mtoto. Kesho yake nikazikuta zimelowa chapachapa, chumvi imevuta unyevu wote wa Mtwara na kuanza kulia machozi ndani ya kitambaa.

Nikajaribu mtama. Mtama nao ulipokolea moto ukaanza kupasuka, bisi zikajaa kifukoni, mama akaniuliza kama nataka mtoto apashwe au alishwe. Nikarudi kwenye chumvi. Niligundua kwamba chumvi ya mawe hupiga kelele juu ya kikaango, taa, taa, na ukivumilia moto mdogo inafika mahali inanyamaza. Hapo ndipo imekauka kweli. Ukiitwanga laini ikiwa bado ya moto, ukaifungia kwenye kitambaa cha amerikani mara mbili, hailii tena upesi. Nikaishona kwa vyumba vidogo vidogo kama godoro la mtoto ili isikimbilie yote upande mmoja. Soksi nazo nikazifanya hivyo, na kifuko kinakaa juu ya mguu, siyo chini, asije akatembea juu ya mawe. Nikaviita vijoto. Mama alilicheka jina siku nzima, lakini sasa na yeye analisema.

Sasa hapa, kaka, ndipo nikuombe usome polepole.

Unajua mama alivyotufundisha mambo ya kukanda. Mkandaji hamuulizi mzazi kama kuna moto. Mzazi ukimuuliza atasema moto hata maji yakiwa ya kunywa. Mkandaji anapima kwa kiganja chake mwenyewe, kikivumilia kiganja basi inafaa, na mzazi apige kelele apendavyo. Mimi nikafuata hivyo hivyo. Mkono wa kulia unageuza chumvi, wa kushoto ndio kipimo. Nikiweka kifuko kwenye kiganja cha kushoto, naona bado hakijafika. Narudisha kikaangoni. Naona bado. Mama akikigusa anaruka, namwambia mama wewe sasa umekuwa mzazi. Nikawa nawacheka wote. Nikasema watu wa Mtwara wameshiba jua, joto linalowatosha wao halimtoshi mtoto wa Makete.

Yupo jirani yangu hapa, Gladness, mume wake anafanya kazi bandarini. Mwenyewe ni mtu wa Rombo, amekulia kwenye baridi, na ndiye niliyemtegemea aseme ukweli. Vijoto vilipokamilika, wiki mbili tatu zilizopita, nilimwita barazani avijaribu kabla sijafunga mzigo. Nilitoa vifuko vikiwa vimepata moto ninaoutaka mimi, nikamvalisha. Kaka, yule dada alipiga ukelele watu wa msikitini wakageuka. Alizitupa glavu chini, mgongo wa mkono umekuwa mwekundu. Na mimi badala ya kumpa pole nikamjia juu! Nilimwambia kama hivyo ndivyo watu wa Rombo walivyo, heri wasijisifu kuhusu mlima wao. Mdomo wangu unaujua.

Gladness akaniomba nimpe mkono ule wa kushoto. Akaugeuza. Kiganjani, upande wa kidole kidogo, kulikuwa na lengelenge limeshapasuka, nyama inaonekana. Akaniuliza limeniuma tangu lini. Wallahi kaka, nilikuwa silijui. Nilikuwa naliona kwa mara ya kwanza pamoja naye. Akachukua pini kwenye kile kimto changu cha sindano, akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nimwambie wapi. Nilisubiri aanze. Nikamuuliza mbona huanzi. Akasema amekwishamaliza.

Nilikaa chini palepale. Matone ya damu kwenye vitambaa vyeupe vya wateja, ambayo nilikuwa nikimsingizia paka, yalikuwa yangu. Na lile baka la mkononi nililokuwa nikilipaka dawa ya mba tangu mwaka juzi, nalo halikuwa na hisia. Lakini niamini, kilichonitoa machozi si mkono wangu. Nilikuwa nimebakiza kufunga mzigo. Vile vifuko vilikuwa vinakuja Makete na maelekezo yangu, vipashwe kikaangoni muda ule ule niliovipasha mimi, na wifi angemfunga navyo mwanawe. Mtoto angelia, na mngesema shangazi yake fundi, anajua anachofanya.

Gladness alinipeleka kliniki kesho yake asubuhi, na mkono wake wenyewe umefungwa kitambaa. Nesi anaitwa Elizabeti, mama mtu mzima asiye na haraka. Alinipitishia pamba kwenye lile baka aone kama nahisi, akanikunjua vidole, akabonyeza kiwiko, wakachukua vipimo. Halafu akaniambia bila kuzunguka. Kaka, ni ukoma.

Nimeliandika. Pumzika, kisha uendelee.

Nesi alisema siku hizi ni ugonjwa wa kumeza vidonge ukapona, dawa zinatolewa bure, na nimekwishazianza. Alisema mtu akishaanza dawa hamwambukizi mwingine, na kwamba hauambukizi kwa nguo wala kwa kupeana mkono, bali kwa kuishi karibu sana kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Kwa hiyo mama amekaguliwa ngozi, yuko salama. Wewe na familia mlikuwa hapa likizo ile ndefu, tukilala chumba kimoja na Farida kifuani kwangu. Mwende hospitali mkaguliwe nyote watatu, na mseme wazi ni kwa ajili ya nini. Msione haya. Mficha maradhi kilio humfichua. Hisia za kiganja alisema huenda zikarudi, huenda zisirudi. Vidole bado vinakunjuka vizuri, na mkono wa kulia ni mzima, nashona kama kawaida.

Mama nilimwambia jioni ile ile. Unajua watu wa umri wake walichokiona, mgonjwa anajengewa kibanda chake, sahani yake, kikombe chake. Yeye aliingia ndani akapakua ugali na kisamvu kwenye sahani moja, akaketi, akaniambia nawa mkono tule. Tukala.

Baada ya hapo nikarudi kwenye kazi, maana kipupwe hakimsubiri mtu kupona. Safari hii anayepima si mimi. Wanapima mama na Gladness, tena siyo kwa kiganja, kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, penye ngozi laini. Mama anakishikilia kifuko pale akisoma Alhamdu mpaka mwisho bila kuharakisha. Akifika Amin bila kukitoa, basi kinafaa. Gladness yeye anasali Baba Yetu, na wanabishana ipi ndefu. Vifuko vilivyomo humu vimepita kwa wote wawili. Nimeongeza kitambaa cha flana ndani ili joto lije taratibu. Na wifi avipashe mwenyewe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, apime kwenye kifundo chake, halafu, na hapa ndipo naivunja sheria ya mama na mama ameniruhusu, amuulize Farida. Mtoto akisema moto, ni moto. Asibishane naye.

Sasa nimebakiwa na moja, na ndilo lililonifanya nikuombe usiguse mzigo kwanza. Vitu hivi vimeshonwa na mikono yangu. Nesi amesema havina neno, nami nimevifua na kuvipiga pasi. Lakini najua elimu ni kitu kimoja na moyo wa mama mzazi ni kitu kingine. Mweleze wifi yote niliyoandika. Usimfiche hata mstari, na usimlazimishe. Akisita, sitamlaumu, na nakuapia sitakuwa na kinyongo naye. Chini kabisa ya mzigo kuna karatasi za kukatia, za glavu na za soksi, kila kipande nimekiandika jina lake na mahali pa kupitisha uzi. Ampelekee fundi yeyote wa huko amshonee nyingine, na hizi zangu mzitie moto. Mimi sitauliza zimekwenda wapi. Farida akivaa vya yule fundi akalala na mama yake kipupwe chote, kazi yangu itakuwa imefika.

Na kama moyo wake hautasita, basi mpigeni Farida picha akiwa amevivaa, muitume kwenye simu ya Gladness. Kwangu usitume. Nitaogopa kuifungua, nikidhani ni ujumbe wa kuniambia wifi amesita.

Mama anakusalimu sana, anasema usisahau kumwombea baba kila Ijumaa. Gladness naye anasalimu, mkono wake umepona na utani umerudi. Nisalimie wifi kwa heshima zote, na Farida mpe busu langu. Au mwambie tu kwamba shangazi anamsalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Saida