Jeneza la Mlingoti

4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu zetu zikufikie. Huku hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua, ila ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Wewe je, afya na kazi ya famasi vinakwendaje?

Barua yako niliisoma mara mbili, wala sikupendezwa nayo. Unaandika kwamba jeshi limechukua ghorofa ya juu ya hospitali yenu, na kwamba dawa za majeraha ya moto zinapandishwa huko kila siku. Serikali imetangaza kwamba vijana wetu wako nchi ya watu kwa mazoezi tu. Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa huu tangu hujaanza shule, na sijawahi kusimama mbele ya watu nikawaambia jambo ambalo baadaye lilionekana si kweli. Hapa mtaani wananung'unika kwamba vita hiyo si yetu. Huwa nawauliza: vita gani? Nawe usiwe kama wao.

Mdogo wako huko anaendesha lori la maji la kikosi chake. Mlingoti, yule mrefu, mtoto wa jirani yetu mama fundi cherehani, anapika katika kikosi hicho hicho. Waliondoka pamoja na watarudi pamoja.

Ni mimi, baba yako.

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya goti, na ulimi wake uzidi kuwa na afya njema. Mimi ni mzima, nimechoka tu.

Sikutaka kukuudhi. Nauliza kwa sababu mdogo wangu hajaniandikia hata neno moja, naye si mtu wa kukaa kimya. Kupiga simu siwezi, maana tangu jeshi liingie simu zetu zote zimekusanywa, na hatujarudishiwa. Juzi nilimuuliza askari anayelinda ngazi, "Kaka, huko juu ni mazoezi gani yanayounguza watu hivi?" Akanijibu, "Dada, hesabu vidonge vyako." Nilidhani ananitania, lakini hakucheka.

Binti yako.

11 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tuko na msiba. Mlingoti amefariki.

Watu wa wilaya walileta jeneza na kuniita nisimame nao. Walieleza kwamba mtungi wa gesi ulilipuka jikoni wakati wa mazoezi. Jeneza lilikuwa limepigiliwa, na amri ilikuwa lisifunguliwe. Mama yake hakuwasikiliza wao. Alinigeukia mimi. "Mwenyekiti, wewe ndiye ninayekujua. Huyu ni mwanangu?" Nikamjibu kwamba ndiye. "Niambie nisifungue, nami sitafungua." Nikamwambia asifungue.

Makaburini mtu mmoja alipaza sauti nyuma, "Gesi ya huko inatoka kwenye ndege!" Nilimnyamazisha. Tangu siku hiyo watu wananisalimia kwa mbali. Jumapili niliitisha mkutano wa mitaro. Tulihudhuria mimi na benchi.

Mdogo wako hakutajwa popote. Tushukuru.

Baba yako.

26 Machi

Baba na mama,

Shikamooni! Kaeni chini kwanza. Mdogo wangu yuko hai!

Muuguzi mmoja wa ghorofa ya juu aliteremka kuchukua dawa akaniambia, "Kuna kijana kitanda cha dirishani ana jina la ukoo wenu. Si ndugu yako huyo?" Akanitajia jina lake lote. Ni yeye. Amepoteza mguu, kichwa kizima kimefungwa bandeji, na bado hajasema neno. Nimeomba ruhusa ya kumwona, nao wameniahidi Jumapili.

Mama usilie. Au lia tu, hakuna ubaya.

Mimi, binti yenu.

2 Aprili

Binti yangu,

U hali gani? Mama yako alicheza uani na goti lake bovu, na sasa amelala akiugulia huku anacheka. Mguu si kitu. Tutambeba.

Namwonea haya jirani yetu. Nikipita dirishani kwake nashusha uso, nisije nikaonekana nina furaha. Tena kuna jambo linanikera. Mguu unapoteaje mazoezini? Nilikwenda wilayani kuuliza. Wakaniambia nishukuru Mungu niende nyumbani.

Jumapili imepita. Mbona kimya?

Baba yako.

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeichana barua hii mara nyingi. Msomee mama ukiwa umemshika.

Si yeye.

Niliingia nikaona miguu. Mmoja haupo, na uliobaki ulitokeza nje ya kitanda. Hakuna mtu wa nyumbani kwetu mrefu hivyo. Nilimwita jina la mdogo wangu, akafungua jicho, akasema, "Dada, mimi Mlingoti."

Baba, walibadilishana kazi. Mlingoti alitaka sana kushika usukani, na mdogo wangu alikuwa amechoshwa na vumbi la barabara. Walibadilishana hata makoti, kwa sababu jina limeshonwa kifuani na sajenti husoma kifua, hasomi uso. Mlingoti aliondoka na lori alfajiri. Nyuma yake akasikia mlipuko upande wa jikoni. Haukuwa mtungi. Ndege zilikuwa juu. Yeye mwenyewe hakufika mbali.

Baba, jeneza lile.

Binti yako.

20 Aprili

Binti yangu,

Leo sikuulizi habari za afya, maana za huku sina la kukueleza.

Nilikwenda kwa jirani. Alisimamisha cherehani. "Safari hii wamekutuma nini?"

"Mwanao yu hai."

"Na wako?"

"Wangu ndiye tuliyemzika."

Alinionyesha mlango. "Mwenyekiti, toka nyumbani kwangu. Juzi uliniambia ni wangu, leo ni wako. Wakikutuma tena kesho, atakuwa wa nani?" Hata hivyo amepanda basi, anakuja huko. Mpeleke hadi kitandani, askari wa ngazi atake asitake.

Niliitisha mkutano. Safari hii mtaa mzima ulikuja, hata pa kusimama hapakuwapo. Niliwaambia kwamba mwanangu ameuawa vitani, katika vita niliyowaambia haipo. Hakuna aliyelia. Fundi baiskeli aliuliza, "Mzee, wamekuahidi nini?" Nimesema uongo nikaaminiwa, nimesema kweli, ninaulizwa bei.

Watu wa mtaa wameamua kaburi lifunguliwe Jumamosi ya wiki ijayo. Mtu wa wilaya alikuja kukataza. "Mzee, wewe ni mtu wetu," akaniambia. Nilimkabidhi muhuri wa mtaa nikamfungulia mlango.

Njoo, binti yangu. Mama yako hataweza kutazama, na nikisema mimi peke yangu kwamba ndiye au siye, hakuna atakayeniamini.

Mlingoti alisikia mlipuko tu. Hakumwona mdogo wako akifa. Wilaya ndiyo iliyosema kuna mtu ndani ya jeneza lile. Wilaya hiyo hiyo ilisema mazoezi, ikasema mtungi wa gesi, ikasema Mlingoti. Maisha yangu yote nimeomba serikali yangu iwe ya kweli. Jumamosi, jembe litakapogonga mbao, nitakuwa naomba iwe imetudanganya na hilo pia.

Baba yenu, wewe na yeye.