Jua Lilipomeza Sauti Yangu

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje huko? Mimi ni mzima hapa Atlabara, mtaani kwetu Juba, na Wafula ni mzima pia. Naanza na hilo ili usome bila kushika kifua.

Juzi mwanao huyo alinitia wasiwasi. Alikuwa amelala kituo chetu cha afya, barabara ya Torit, na asubuhi akaanza kurudi Juba na wauguzi wawili garini. Punde tukapata habari kuwa risasi zinalia darajani, mbele yake. Kule simu hazishiki, madereva huitwa kwa redio, na kazi yangu ndiyo hiyo. Nikamwita ageuze gari. Kimya. Nikaita vituo vingine, navyo kimya.

Nikaipiga redio kofi. Fundi wetu Lado, Msudani wa Kusini aliyekulia Nakuru, akanizuia.

"Wacha kuipiga, sister, si mbovu. Jua limetupa dhoruba, hewa ya juu kabisa imevurugika. Sauti yako inafaa igonge huko irudi chini. Sasa inapenya, inaenda zake."

"Na Wafula?"

"Jaribu masafa ya chini, yale ya usiku. Hayo pengine bado yanarudi."

"Mchana huu nani atakuwa huko?"

Mama, dereva akiamka, kitu cha kwanza ni kuhamisha redio kwenda masafa ya mchana. Wafula ndiye husahau. Kila mara namkemea mbele ya wenzake, mpaka wamembatiza Bwana Usiku. Nikahamisha, na kwa mara ya kwanza nikamwomba Mungu mwanao awe mzembe.

"Wafula! Geuza gari! Rudi ulikotoka!"

Mikwaruzo tu. Nikarudia, tena na tena. Kisha, kwa mbali sana:

"Sasa ni nini, dada? Mbona kelele? Daraja hilo hapo nikikata kona."

"Geuza!"

"Haya, nageuza."

Nilikaa sakafuni nikalia. Lado akasema, "Khalas, dada, yamekwisha," naye macho yamemlowa.

Jana barabara ilitulia, Wafula akafika akiuliza chakula kiko wapi. Hana haya huyo.

Nisalimie Baba, na shangazi anayetuombea kila alfajiri, mwambie asichoke.

Leo Wafula ametoka tena, na anga limetulia. Nimemwita kwenye masafa ya mchana, hakuitika. Nikahamia ya usiku nikamkuta, wala sikumkemea.

Binti yako,
Nekesa