Kifuniko cha Difu na Msumari wa Meza Yangu

Gereji ya Nyuma ya Kiwanda cha Mbao,
S.L.P. 61.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kanyaga,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kikohozi kimekuachia na baridi ya huko umeanza kuizoea. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna tatizo lolote.

Miezi kumi hujaniandikia, na sikushangaa. Hata ombi lako la kifuniko kipya cha difu ulimpa mama yako alilete. Alikuja kuniambia unataka mfuniko wa "lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma". Nilimwelewa, na kazi nimeifanya.

Nililetewa vitatu. Kile chekundu ulichotuma picha yake kinang'aa kweli, ila ukikigonga kwa kidole kinalia kama sufuria. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Cha pili ni chuma kizito cha kufaa lori. Gari lako la mbio lingekibeba bure.

Nimechagua cha tatu. Ni cha alumini nene, kina mbavu za nje za kupoza mafuta, na ndani bolti mbili za kukandamiza vishikio vya beringi ili gia zisiyumbe ukikanyaga, maana najua utakanyaga. Nilibandika udongo wa mfinyanzi ndani yake, nikakifunga kwa majaribio kwenye gari lako uliloliacha hapa, nikazungusha magurudumu, nikakifungua tena. Gia kubwa haikuugusa udongo. Kinabeba mafuta mengi kuliko cha zamani, kwa hiyo usijaze kwa kipimo ulichozoea. Jaza mpaka yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Ili nilinganishe matundu ya bolti, nilikishusha kifuniko chako cha zamani kutoka msumarini. Unaijua sheria yangu: anayeharibu kifaa, kifaa kinatundikwa juu ya meza yake, na jina lake kwa chaki chini yake. Chako kilining'inia pale tangu siku ile mafuta yalipovuja na difu ikajisaga katikati ya mashindano, nami nikakuambia mbele ya gereji nzima kwamba mguu wako hauna akili. Uliondoka wiki ile ile bila kuniaga.

Nilikiosha kwa petroli. Ule ufa uliovujisha mafuta haukuanzia ndani, kwenye gia. Ulianzia nje, mahali palipobonyea nusu duara, kama alama ya meno, na jino moja halipo. Nikavuta jeki yangu kutoka chini ya meza. Unaifahamu, kichwa chake kimemeguka jino. Niliiweka pale, ikaenea kama mguu kwenye kiatu chake.

Asubuhi ya mashindano, ulipokwenda kunywa chai, nililiinua gari lako nikague tairi. Nilikuwa na haraka. Badala ya kuweka jeki chini ya ekseli niliiweka chini ya kifuniko, jambo ninalowagombeza watu kila siku. Nilisahau kabisa. Au sikutaka kukumbuka. Hilo sijalipima bado.

Nilimwonyesha fundi wetu wa gia, yule tunayemwita Kimya. Alitazama, akafuta mikono, akasema, "Rula, mkuki kwa nguruwe mtamu." Sehemu iliyobaki aliniachia mwenyewe, akarudi kazini.

Mpwa wangu, nilikukosea. Nilikuaibisha kwa kosa langu, na inaniuma kuliko ninavyojua kuandika. Nisamehe. Kifuniko kipya nimekiweka kwenye boksi lake, gasketi juu yake. Sitakifunga. Njoo ukifunge mwenyewe, mimi nikushikie taa.

Dada yako na mumewe wanakusalimu. Kimya naye anakusalimu, yaani nilipomwambia nakuandikia aliitikia kwa kichwa. Mama yako alipita gerejini jana, akakiona kifuniko cha zamani kimehamia juu ya meza yangu, akasoma "RULA" kwa chaki chini yake, akacheka mpaka akasahau goti. Kisha akakaa kwenye kiti chako na kulia kidogo. Msumari wako hauna kitu.

Mungu akulinde huko uliko, na akurudishe salama kwetu.

Wako akupendaye,
Mjomba Rula