Mwezi wa Simi-Simi, Sufuria ya Banalia

Kisangani, 18 Agosti 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi, zangu na za mume wangu Jafari. Goti limepoa? Simu yako haishiki tena, basi namwachia Rachidi wa pikipiki barua hii. Mimi sijambo. Miezi saba sasa, na mtoto anapiga teke kila nikikaa kwenye cherehani. Anakusalimu wewe bibi yake, Koko!

Mama, nina habari, kaa kwanza. Jumapili, tarehe saba Septemba, mwezi mzima utapatwa, uwe mwekundu, na sisi tutautazama! Jirani yetu papa Hugues, yule mwalimu mstaafu, ameunda chama cha watu wanaopenda nyota. Tutakutana Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mara tu baada ya magharibi. Ametengeneza darubini kwa bomba la maji la plastiki na kioo alichokisugua kwa mkono mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeishonea koti jeusi la kuzuia mwanga, na ameniahidi: "Weye njo ulishona, donc weye njo utaangalia wa kwanza."

Jicho la kwanza kabisa ni langu, mama! Silali kwa furaha. Jafari amekubali, ila anasema nikuulize wewe kwanza. Jibu upesi.

Mwanao, Malika

Banalia, 22 Agosti 2025

Mwanangu Malika,

Barua imefika, nami ni mzima, isipokuwa goti linalojua mvua kabla ya mawingu. Nimekutumia samaki mkavu wa mto Aruwimi. Kichwa ni chako, usimpe Jafari.

Sasa sikiliza. Hapana. Mwanamke mwenye mimba hatoki nje mwezi ukishikwa. Anafungiwa ndani, na ndugu yake wa damu anapiga sufuria uani mpaka mwezi uachiwe. Koko yako alifanya hivyo, nami nilifanya hivyo. Wewe hutaki kutoka tu, unataka kuukodolea macho, tena kwa bomba!

Najua utaniambia ni kivuli cha dunia. Shule nilikulipia mimi. Najua pia kwamba mimba ya kwanza ilitoka na mwezi haukuwa na hatia. Lakini siku ile nilikukuta kitandani umegeukia ukuta. Naogopa, Malika. Na usiniite koko bado. Mara ile tuliliwahi neno hilo.

Mama yako

Kisangani, 27 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka vizuri. Samaki amefika, na kichwa nimekila mbele ya Jafari huku akimeza mate.

Nami naogopa. Kila asubuhi sinyanyuki kitandani mpaka nisikie teke. Tangu mwanzo nimembeba mtoto huyu kama yai, na hofu ndiyo chakula chetu. Nataka jioni moja tu niwe naye kwenye furaha, si kumlinda tu. Mkunga amenipima, anasema tuko vizuri.

Lakini bila baraka yako siendi. Ukisema hapana tena nitafunga mlango, na sitanuna. Nitanuna kidogo.

Mwanao

Banalia, 2 Septemba 2025

Malika wangu,

Hatujambo huku. Barua yako nimezunguka nayo shambani siku nzima, mihogo ikabaki na magugu yake. Kisha nikawaza: sufuria ni kazi ya ndugu wa damu, lakini sijasikia popote kwamba lazima apige kwenye ua wa mwenye mimba. Na mwezi ni mmoja tu, wa Banalia ndio wa Simi-Simi.

Basi nenda. Mimi nitapiga huku, ile sufuria kubwa ya arusi yako, tangu mwezi ushikwe mpaka uachiwe. Jifunge kitenge tumboni. Ukae kwenye kiti. Utazame vizuri uniandikie kila kitu, maana mimi sitautazama, nitakuwa kazini.

Mama yako

Kisangani, 8 Septemba 2025

Mama,

Mikono yako haijambo? Mawingu, mama! Mawingu!

Simi-Simi ilijaa watu. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na kitenge. Giza lilipoingia tu, wingu likatoka upande wa mto likatukalia. Papa Hugues anashikilia bomba lake, anasema, "Tungojee kidogo, iko inapita." Halikupita. Nilitia jicho wa kwanza kama nilivyoahidiwa, nikaona weusi mtupu, na watu wote wakanipigia makofi! Ndipo mama mmoja akagonga sufuria, mwingine bidoni tupu la maji, na uwanja mzima ukalipuka: "Achilia mwezi! Achilia!" Mtoto akacheza ndani yangu, akacheza hasa, nikacheka hadi Jafari akanishika nisianguke.

Njiani nililia kidogo. Sikuona hata kipande cha mwezi. Pole, mama, umepiga bure.

Mwanao, Malika

Banalia, 12 Septemba 2025

Mwanangu,

Futa machozi unisikilize. Huku hapakuwa na wingu hata moja.

Niliupa mwezi mgongo nikapiga, nikapiga. Mara ua ukawa mweusi, nikageuka kidogo tu. Malika! Rangi ya mawese yakiwa bado motoni. Na ni wa mviringo kama chungwa. Maisha yangu yote nilidhani ni bapa kama sahani! Nikasimama na goti langu bovu, mwiko mkononi, mdomo wazi. Jirani Simone akaniita kutoka kwake, "Kadidja, mbona umenyamaza? Piga!" Nikamjibu, "Ngoja kwanza, niko naangalia."

Nilisahau kupiga, mwanangu. Nilisahau mpaka mwezi ukatoka wenyewe, mweupe, bila kuachiwa na mtu. Hapo hofu ikanishika: mtoto wa Malika nimemwacha bila sufuria! Nimekaa na hofu hiyo mpaka leo Rachidi alipoleta barua yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, hadi pale unaposema amecheza. Nikakaa chini, udongoni kabisa, nikalia nikicheka.

Nakuja kabla mwezi huu haujaisha, na sufuria nakuja nayo, ya kumwogeshea. Akizaliwa nipe mimi kwanza. Koti la darubini umeshona wewe, lakini habari ya mwezi nitamsimulia mimi. Wewe hukuona kitu.

Koko yake,
Kadidja